Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Santuri ya Red Headed Stranger ya Willie Nelson

Santuri hii haikai rafuni kwangu. Hukaa juu ya meza, karibu na gramafoni, na karibu kila anayeiona huuliza swali moja kati ya haya. Nimeyapanga kuanzia ya mtu asiyeijua kabisa hadi ya mtu ambaye tayari anayo na amekwama mahali.

## Mambo ya msingi

Hii ni albamu gani?

Ni albamu ya Willie Nelson iliyotolewa na kampuni ya rekodi ya Columbia mwezi Mei 1975. Jina lake maana yake ni mgeni mwenye nywele nyekundu. Ina vipande 15, vingine havifiki hata dakika moja, na vyote pamoja ni kama dakika 33. Vinasimulia kisa kimoja tangu mwanzo hadi mwisho, kama utenzi. Ukichomoa ubeti mmoja na kuuimba peke yake utapendeza, lakini hutajua nani alikufa wala kwa nini.

Willie alizaliwa mwaka 1933 katika mji mdogo wa Abbott, Texas. Kabla ya albamu hii watu wa muziki walimjua zaidi kwa utunzi. Crazy, wimbo uliomwinua Patsy Cline mwaka 1961, ni wake. Yeye mwenyewe alipoimba, wengi waliona sauti yake inapita puani na kwamba anachelewa mdundo.

Kwa nini inaitwa kantri ya waasi?

Kwa Kiingereza wanaiita outlaw, mtu aliyetoka nje ya sheria. Sheria iliyovunjwa hapa ni ya Nashville, mji wa Tennessee ulio makao ya biashara ya kantri. Mjini humo, katika miaka ya 1960, kampuni ndiyo iliyochagua prodyuza, studio na wapigaji, na mara nyingi hata nyimbo. Mwimbaji aliingia, akaweka sauti, akaondoka, na baadaye fidla na waitikiaji wakaongezwa.

Willie na rafiki yake, mwimbaji Waylon Jennings, walidai kuchagua wenyewe. Jina la waasi lilianza kutumiwa mwaka 1973 na Hazel Smith, mwanamke aliyefanya kazi ya kuwatangaza wanamuziki hao. Mwaka 1976 kampuni ya RCA ikakusanya rekodi za Waylon, Willie, Jessi Colter na Tompall Glaser katika Wanted! The Outlaws, na hiyo ikawa albamu ya kwanza ya kantri kufikia platinamu, yaani nakala milioni moja. Lakini kwangu uasi wenyewe uko zaidi kwenye hii ya 1975, kwa sababu unausikia katika kila kilichoachwa nje.

Mimi nimelelewa na Jim Reeves. Mbona hii inasikika kama haijamalizika?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na wanaouliza wana haki. Kenya na kwingineko kwetu, kantri iliingia majumbani kwa redio ikiwa na sauti ya Jim Reeves, Skeeter Davis, Don Williams na Kenny Rogers. Jim Reeves alirekodi chini ya prodyuza Chet Atkins pale RCA, na ule ulaini wake, fidla zinazotambaa nyuma na kwaya inayoitikia kwa chini, ndio uliokuwa mtindo wa Nashville. Masikio yetu yakaamini kwamba kantri ni hiyo.

Willie naye alipitia mikono hiyo hiyo. Alikuwa RCA chini ya Chet Atkins kuanzia katikati ya miaka ya 1960, akavishwa fidla na kwaya zile zile, na hazikumkaa. Nyumba yake ya Ridgetop, Tennessee, ilipoungua, alirudi Texas, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa amehamia Austin, ambako vijana wenye nywele ndefu na wachunga ng'ombe walikaa ukumbi mmoja kumsikiliza.

Kwa hiyo unachokisikia kama kazi isiyokwisha ni nyumba iliyoondolewa mapazia. Mara nyingi kuna gitaa, besi na sauti tu. Piano huingia inapohitajika na kutoka. Ngoma zinapigwa kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Mpe nafasi mara tatu, usiku, bila kufanya kazi nyingine. Mimi ilinichukua mara nne.

## Kisa na nyimbo

Kisa kinahusu nini? (Kama hutaki kujua mwisho, ruka.)

Ni mwaka 1901. Mhubiri anagundua kwamba mke wake ameondoka na mwanamume mwingine. Analia, kisha anapanda farasi kuwatafuta. Anawakuta katika mji uitwao Blue Rock, Montana, anawaua wote wawili, kisha anaendelea kuzurura na farasi wake mweusi huku akimvuta farasi wa marehemu mkewe. Mwanamke mmoja anajaribu kumshika farasi yule, naye pia anapigwa risasi. Upande wa kwanza unaishia hapo, kwa wimbo wa kanisani.

Upande wa pili uko Denver. Kuna dansi, kuna mwanamke mwingine, kuna kuomba kulala mikononi mwa mtu hadi asubuhi. Mwisho tunamwona mzee pamoja na mtoto, na msafiri aliyechoka anahisi kwamba sasa anaelekea nyumbani.

Wimbo wa jina la albamu aliutunga Willie?

Hapana. Uliandikwa na Edith Lindeman na Carl Stutz katika miaka ya 1950. Willie alikuwa mtangazaji wa redio huko Fort Worth wakati huo, na aliupiga katika kipindi cha watoto, saa yao ya kulala mchana. Baadaye akawaimbia wanawe kitandani. Miaka ishirini baadaye, akirudi Austin kwa gari kutoka Colorado, mkewe wa wakati huo, Connie, alimshauri atunge kisa cha magharibi, na wimbo ule wa watoto ukawa mbegu. Akajaza yaliyotangulia na yaliyofuata, baadhi kwa tungo zake, baadhi kwa nyimbo za wengine alizozijua tangu zamani.

Mbona Time of the Preacher unarudi rudi?

Ni kibwagizo cha kisa kizima. Unasikika kamili mwanzoni, kisha vipande vyake vinarudi mara mbili katika upande wa kwanza, kila mara vifupi zaidi. Ukitazama orodha kwenye simu vinaonekana kama makosa ya aliyepanga faili. Ukisikiliza mfululizo, kila kikirudi unajua kwamba yule mtu bado yuko njiani na bado hajalala.

Ule uliovuma ni upi?

Blue Eyes Crying in the Rain. Aliutunga Fred Rose, na Roy Acuff aliurekodi katika miaka ya 1940. Kwa Willie ulifika namba moja katika chati za kantri mwaka 1975, mara yake ya kwanza akiwa mwimbaji, na ukampa tuzo ya Grammy. Una dakika mbili na ushei tu.

Redioni ni wimbo wa mpenzi aliyeachwa. Kwenye albamu unakuja mara tu baada ya mauaji. Macho ya buluu anayoyalilia mwimbaji ni ya mwanamke aliyemuua mwenyewe. Hakuna anayekwambia hivyo. Unajua kwa sababu ya mahali wimbo ulipowekwa, na ukishajua, hutaweza kuusikia redioni kama zamani.

Ule wa piano mwisho wa upande wa kwanza mbona naujua?

Kama ulikulia kwenye ibada za Kiswahili, ni kweli unaujua. Ni Just As I Am, ambao kwenye Tenzi za Rohoni ni Hivi Nilivyo Unitwae, kwa tuni ile ile. Hapa hauimbwi. Bobbie Nelson, dada yake Willie, anaupiga kwa piano, taratibu, kama anavyopiga mtu aliyeucheza kanisani tangu utotoni. Muuaji ametoka kumpiga risasi mwanamke wa pili, na muziki unakuja na wimbo wa wito wa kutubu bila kutamka neno lolote. Mama yangu, ambaye hajali kantri hata kidogo, alikuwa jikoni wimbo huu ulipoanza. Akaimba beti zote kutoka huko huko.

Je, albamu hii haisifu mauaji ya wanawake?

Ni swali linalostahili kuulizwa, na sitalikwepa. Katika wimbo wa jina, mhubiri anaachwa huru kwa sababu, eti, mtu hanyongwi kwa kumuua anayemwibia farasi. Unaimbwa bila kupandisha sauti na bila kulaani. Mstari huo unanikera hadi leo.

Ninachoweza kusema ni kwamba kisa hakimpi raha yoyote kwa alichofanya. Kila baada ya risasi muziki unapungua badala ya kupanda. Hakuna ushindi na hakuna wa kumshangilia. Lakini ni kisa cha muuaji, kimeelezwa kwa upande wake, na wanawake waliokufa hawapewi hata ubeti mmoja. Asiyetaka kukaa na hilo kwa dakika 33 simlaumu.

## Jinsi ilivyorekodiwa

Ni kweli wakubwa wa Columbia walidhani ni rekodi ya majaribio?

Ndiyo. Ilirekodiwa Januari 1975 katika studio mpya iitwayo Autumn Sound, Garland, karibu na Dallas, kwa siku chache tu na kwa gharama ndogo mno. Kiasi kinachotajwa mara nyingi ni dola 4,000 hivi. Mkanda ulipopelekwa New York, Bruce Lundvall, mmoja wa wakuu wa kampuni, aliona ni kazi ya kwenda kuongezwa vyombo. Waylon alikuwepo kumtetea rafiki yake, na hakuwa mtu wa kutetea kwa upole.

Kilichoiokoa ni karatasi. Mkataba wa Willie ulimpa uhuru kamili wa kuamua albamu iweje, kwa hiyo kampuni ilibidi iitoe kama ilivyo. Ikafika namba moja ya kantri, na mwaka 1986 ikathibitishwa kuwa imeuza zaidi ya nakala milioni mbili nchini Marekani. Maktaba ya Bunge la nchi hiyo imeiingiza katika hazina yake ya rekodi za kuhifadhiwa.

Nani wanapiga, na lile gitaa ni la aina gani?

Ni kundi lake la barabarani, jambo ambalo Nashville isingekubali. Bobbie yuko kwenye piano, Paul English kwenye ngoma, Bee Spears kwenye besi, Mickey Raphael kwenye harmonika, Jody Payne na Bucky Meadows kwenye magitaa.

Gitaa la Willie ni Martin N-20 la nyuzi za nailoni, alilolipata mwaka 1969 na kuliita Trigger. Alipokimbilia ndani ya nyumba inayoungua, gitaa hilo ni miongoni mwa vichache alivyotoka navyo. Nyuzi za nailoni ndizo zinazolipa ule mlio wa mviringo, karibu na Mexico kuliko Nashville. Sikiliza anavyojibu sauti yake mwenyewe: anaimba nusu mstari, anauacha, gitaa linaumalizia.

## Kwa nini santuri

Si nisikilize tu kwenye simu?

Sikiliza. Bora simu kuliko kutosikiliza. Ila zima ile namna ya kuchanganya nyimbo ovyo, maana itakupa mazishi kabla ya harusi. Na ukikuta toleo lenye vipande vya nyongeza mwishoni, simama kwenye Bandera, kipande cha mwisho cha albamu ya asili. Toleo la CD la mwaka 2000 liliongeza vinne, vizuri vyenyewe, lakini vinaingia pale kisa kilipokwisha kunyamaza. (Bandera ni mji wa Texas. Neno ni la Kihispania, ndugu na bendera yetu tuliyopata kwa Wareno.)

Basi santuri inaongeza nini hasa?

Inaongeza kuinuka kwenye kiti.

Hivi Nilivyo unaisha. Sindano inaingia kwenye mfereji wa mwisho na unasikia tu ule mgongano mdogo, tk, tk, kila mzunguko. Watu watatu wamekufa. Unainuka, unanyanyua mkono wa gramafoni, unashika santuri kwa kingo kwa viganja viwili, unaigeuza, unaifuta vumbi. Hiyo ni nusu dakika au zaidi, na hakuna muziki. Kisha unashusha sindano na uko Denver, na yule mtu ameanza kuwa binadamu tena.

Katika faili, Just As I Am na Denver vinafuatana kwa sekunde mbili, kana kwamba mtu anaweza kutoka kuua akaingia kucheza dansi. Mpangilio huu ulifanywa kwa kitu chenye pande mbili. Ukimya ule wa kugeuza ndio safari yake kutoka hasira hadi majuto, na unaufanya wewe kwa mikono yako.

Na ule mkwaruzo, si unaharibu?

Hapa unasikika kuliko kwenye albamu yenye kelele, kwa sababu kuna ukimya mwingi wa kuujaza. Vumbi la kawaida mimi sijali. Mkwaruzo wa kina unaorukisha sindano ni jambo lingine. Ndiyo maana kwa albamu hii hali ya nakala ina uzito kuliko mwaka wa toleo.

## Kununua

Nitafute toleo gani?

Toleo la kwanza lina namba KC 33482 kwenye jalada na kwenye lebo. Baadaye herufi zikawa PC. Kwa kuwa ziliuzwa nyingi mno, si kitu adimu, na usikubali kuuziwa kwa bei ya kitu adimu. Kinachoumiza mfuko kwetu ni usafirishaji, hivyo agizeni kwa pamoja watu wawili watatu.

Matoleo mapya ya gramu 180 ni mazito mkononi na hayapindi upesi. Uzito peke yake hauleti sauti bora.

Herufi za hali ya santuri zina maana gani?

NM ni karibu mpya. VG+ ina alama ndogo zisizosumbua. VG inasomeka kama sifa, lakini kwa albamu ya kimya kama hii maana yake ni kwamba utasikia mikwaruzo wakati wote. G ni ya kutundika ukutani. Mimi siendi chini ya VG+.

Nikiwa dukani na kuna gramafoni, nijaribu wapi?

Weka sindano kwenye kipande cha mwisho cha upande wa kwanza, ile piano. Piano haifichi kosa. Kama tundu la katikati halikutobolewa sawasawa, au santuri imepinda, noti ndefu zitayumba kama zinasomwa na mtu mlevi. Isitoshe, mifereji ya karibu na lebo ndiyo inayochakaa kwa kusikika, kwa kuwa duara ni dogo na sauti imebanwa. Halafu geuza ujaribu Hands on the Wheel. Vikipita hivyo viwili, nunua.

## Kucheza na kutunza

Willie anasikika mzito na mvivu kupita kiasi. Ni santuri mbovu?

Huenda ni umeme. Gramafoni yangu ya kwanza niliinunua kwa mtu aliyerudi kutoka Marekani. Nikaipatia transfoma ya kushusha volti 240 hadi 110, nikadhani nimemaliza. Kwa miezi mitatu niliwaambia watu kwamba Willie ana sauti ya mzee wa makaburini. Siku moja nikacheza santuri na simu kwa pamoja, na simu ikamaliza upande wa kwanza zaidi ya dakika tatu kabla.

Fundi aliigeuza juu chini akanionyesha kibandiko: "Kaka, hii ni ya hetzi 60. Huku tuna 50." Transfoma hubadilisha volti, haibadilishi hetzi, na mota za aina hiyo huzunguka kwa kufuata hetzi. Badala ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika, yangu ilizunguka chini ya 28. Kwa kuwa mota yake ilizungusha sahani kwa mkanda wa mpira, mkereza vyuma alinichongea puli pana zaidi kwa asilimia 20, na siku hiyo ndipo nilipomsikia Willie kwa mara ya kwanza. Soma kibandiko kabla ya kulipa.

Sauti inatoka ndogo sana, kama mbu. Kwa nini?

Sindano hutoa umeme mdogo mno, na besi hupunguzwa makusudi wakati wa kukata santuri ili mifereji isipanuke. Unahitaji kifaa cha kuukuza na kuirudisha besi. Amplifaya za zamani zina tundu lililoandikwa PHONO. Zisizo nalo zinahitaji kiboksi cha nje, kisicho ghali.

Naishi pwani. Joto na unyevu je?

Isimamishe wima, usiilaze chini ya nyingine, na kamwe usiiache ndani ya gari juani. Unyevu wa Mombasa au Tanga hula jalada kwanza: madoa ya ukungu huanzia mgongoni. Badilisha bahasha ya ndani ikianza kunuka, acha jalada lipumue mahali penye upepo, na usilifunge kabisa kwenye nailoni. Kusafisha, tumia brashi laini kwa kufuata mifereji, au maji yaliyotoneshwa na kitambaa kisichoacha nyuzi.

Naweza kuicheza kwenye gramafoni ya babu?

Kama ni ile ya kuzungusha kwa mkono, hapana, hata mara moja. Ilitengenezwa kwa santuri ngumu za mizunguko 78, na sindano yake ya chuma itailima hii. Vile vile vigramafoni vipya vya bei ya chini vilivyo kama sanduku la safari hukandamiza sana. Vitacheza, lakini piano ya Bobbie ndiyo itakayolipa.

Nikiizoea, nitafute nini baadaye?

Honky Tonk Heroes ya Waylon, 1973, ambayo karibu nyimbo zake zote ni za Billy Joe Shaver. Halafu rudi kwa Willie, Phases and Stages ya 1974. Nayo ni kisa kimoja, cha ndoa inayovunjika. Upande wa kwanza anaongea mke, na ukiigeuza anaongea mume.